Jina Moja Chini ya Viatu vya Lusajo

Sogeeni kidogo, benchi ni la wote, na mwenye mtoto wa plasta akae upande wa ukuta asigongwe. Nina hadithi. Mkisema niilete nitaileta, mkinyamaza nitaileta vilevile, maana nisipoisema leo itanipasua kifua, na jibu lake nalitaka kutoka kwenu kabla nesi hajaniita. Mtoto akilia mnyonyesheni, mimi naendelea.

Walikuwapo hapa Mbeya watu watatu, na kila mmoja alijaliwa jambo moja.

Wa kwanza ni Subilaga. Huyu alijaliwa kukaa. Msicheke. Alikuwa karani wa sensa, akazunguka nyumba kwa nyumba, akajifunza kukaa jikoni kwa watu mpaka mwenye nyumba anasahau kuwa ana mgeni, anaanza kuishi kama anavyoishi siku zote. Hapo ndipo Subilaga anapoona.

Wa pili ni Gwakisa, fundi viatu wa Mwanjelwa aliyejiongezea kuchomelea vyuma. Huyu alijaliwa mikono. Ukimweleza kitu kwa mdomo, vidole vyake vinaanza kukitengeneza hewani kabla hujamaliza kusema.

Wa tatu ni Nchimbi, mtu wa Songea, mkaguzi wa mizani wa zamani. Huyu alijaliwa kutoamini. Miaka ishirini alipita sokoni akipima mizani ya watu wanaoapa kwa Mungu kwamba iko sawa, na haikuwa sawa, basi akazoea: kitu hakijawa kitu mpaka yeye ajaribu kukivunja na kikatae.

Hao watatu, miaka kumi na mmoja iliyopita, walikodi chumba nyuma ya mashine ya kusaga pale Iyunga, wakapachika kibao: TUJARIBU, USHAURI WA TEKNOLOJIA NA UUNDAJI WA BIDHAA. Kazi yao ilikuwa kwamba wewe una shida na huna kifaa, wao wanakuja, wanaitazama shida, wanaunda kifaa, wanakijaribu, wanakukabidhi. Lakini nani angejua? Watu walisoma neno la kwanza baada ya jina wakaishia hapo. Mteja wao wa mwanzo kabisa alikuwa mama aliyekuja kutaka ushauri wa ndoa, mume wake hali nyumbani, anakula kwa mama ntilie. Gwakisa alitaka kumwelekeza kanisani. Subilaga akasema ngoja, akaenda akakaa jikoni kwa yule mama siku mbili, akarudi macho mekundu kama pilipili, akasema mume hamkimbii mke, anakimbia moshi. Gwakisa akaunda jiko lenye bomba. Nchimbi akalichochea kuni mbichi wiki nzima mpaka bomba likapasuka, likaundwa upya. Mume akarudi mezani. Yule mama hadi leo anawaambia watu kwamba pale Iyunga kuna washauri wa ndoa hodari.

Sasa sikilizeni desturi yao, maana ndiyo inayonitesa.

Baada ya jiko walitengeneza chekeche la kuchambulia viazi vya mbegu kwa mama mmoja wa Uyole, na kwa furaha wakaandika majina yao yote matatu chini yake. Msimu wa kwanza chekeche likakwama katikati ya kazi, vibarua wamekaa, mvua inakuja. Yule mama akampigia Gwakisa, akaambiwa hilo ni la majaribio, mwulize Nchimbi. Nchimbi akasema mimi nilipima nilicholetewa, mwulize Subilaga vipimo vya viazi alivitoa wapi. Subilaga akasema mimi sishiki spana. Viazi vikaloa. Yule mama akawafuata, akawakuta wote watatu, akachukua msumari mezani akakwaruza majina mawili mbele yao, akaacha moja. Akasema, "Majina matatu ni sawa na hakuna jina. Huyu mmoja ndiye nitakayemwita."

Waliona haya, na tangu siku hiyo wakaweka sharti. Kifaa cha kwanza kinachofaulu kina jina moja tu chini yake. Jina halichaguliwi na mfanyakazi, analichagua mtumiaji wa kwanza, tena analikwaruza kwa msumari mwenyewe. Na mwenye jina ndiye anayebeba kazi ile kuanzia hapo. Vifaa vinavyofuata vya aina hiyo vyote vinatoka na jina lake na namba yake, na kikiharibika, iwe kosa la nani, yeye ndiye anayekuja. Kwa hiyo jina ni zawadi na ni mzigo, vyote kwa pamoja.

Na mimi, wenzangu, msumari huo ninao hapa, nimeufunga kwenye pindo la kanga. Leo nikitoka humu wananingoja.

Nianze na mwanangu. Lusajo alizaliwa miguu imepinda kwa ndani, nyayo zinatazamana kama watu wanaonong'onezana. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, najua kuchora mzunguko wa damu lakini sikujua kama hayo yanatibika, na mama mkwe alimtazama akanyamaza, na ukimya wa mama mkwe mnaujua. Nikaletwa hapa. Plasta ya kwanza, ya pili, hadi ya sita, miguu ikanyooka, nikalia mbele za watu. Halafu wakampa vile viatu vya kuvaa baada ya plasta, viwili vimefungwa kwenye chuma kimoja kigumu kama ufito, wakasema avae mchana na usiku, avuliwe saa moja tu ya kuoga. Asipovaa miguu itarudi.

Nikasema ndiyo. Kila mama hapa alisema ndiyo.

Lakini mimi nateka maji, napanda mlima hadi shamba la viazi la mama mkwe, baba yake Lusajo yuko Tunduma kwenye ujenzi, nani wa kumwachia mtoto? Nambeba. Na mtoto mwenye chuma kigumu katikati ya miguu habebeki, kinakuchimba mbavu, miguu yake haizunguki kiuno, anateleza, analia. Nikawa namvua nikibeba. Narudi namvisha. Naenda tena namvua. Nesi akiniuliza, anavaa? Anavaa. Saa ngapi? Zote. Nilimdanganya nikimwangalia usoni, kwa sababu niliogopa kugombezwa, na nyayo zikaanza kurudi taratibu, nikaona, nikazifunika na blanketi. Siku daktari alipofunua blanketi hakunigombeza hata kidogo, alisema tu wiki ijayo tunaanza plasta upya, na zikirudi tena itabidi apasuliwe. Sikulala. Nilikuwa nampotezea mwanangu miguu kwa mkono wangu mwenyewe, na bado sikuweza kusema.

Kumbe hatukuwa wawili watatu tuliodanganya. Kliniki iliona watoto wengi wanarudi, ikawaomba wale wa Tujaribu waunde viatu vyepesi zaidi, maana walidhani tatizo ni uzito.

Subilaga akaja kwangu wiki ileile, kabla ya plasta. Nikamkaribisha nikiwa na hofu, nimemvisha Lusajo vizuri kama picha. Yeye hakuuliza kitu. Alichukua kisu akamenya viazi. Siku ya pili akamenya tena, wakapiga soga na mama mkwe, mpaka mama mkwe akamsahau akaanza kunisema kama kawaida yake. Siku ya tatu aliikunja kanga yangu ya kubebea, akaigeuza huku na huku, akasema polepole.

"Mama Lusajo, hiki chuma kingekuwa kinabebwa, kanga hii ingekuwa imechanika hapa ubavuni. Mbona nzima?"

Nikakaa chini. Nikamwambia yote.

"Sikuja kukusuta," akasema. "Kesho nipe mimi nimbebe, na chuma chake."

Akambeba hadi kisimani na kurudi, na alipofungua kanga mbavu zake zilikuwa na alama nyekundu. Hakumtaja mtu aliyedanganya. Kliniki aliwapelekea sentensi moja tu kwenye daftari: Mtoto huyu hakai kitandani, anakaa mgongoni. Ile sentensi, wenzangu, kabla yake wataalamu walikuwa wanapunguza uzito wa kitu ambacho hata kingekuwa na uzito wa karatasi tungekivua.

Gwakisa aliisoma akasukuma kando michoro yake yote. Akaniita karakana, akatoa uzi, akapima kiuno changu. Mama mkwe, ambaye alinisindikiza kunilinda, akauliza kiuno cha mama kinahusianaje na miguu ya mtoto.

Gwakisa akamjibu, "Mama, miguu ya huyu ina nyumba mbili, kitanda na kiuno cha mama yake. Hawa walijenga nyumba moja."

Mama mkwe akacheka, mara ya kwanza tangu nijifungue. Siku tano Gwakisa hakutoka. Aliugawa ule ufito, akaweka viungo alivyovitoa kwenye breki za baiskeli, kila mguu ukaweza kupanda na kushuka peke yake na kukumbatia kiuno, lakini nyayo zimetazama nje palepale alipotaka daktari, hazigeuki. Viatu alivishona kwa ngozi laini ya mbuzi, na nyuma ya kila kisigino akatoboa kidirisha ili mama achungulie aone kisigino kimekaa chini au kimepanda. Daktari alipima, akapima tena, akasema ndiyo. Lusajo alikuwa tayari kwenye plasta, basi wakavifunga viatu vile kwenye mdoli wa matambara, nikambeba mgongoni pale pale karakana, mdoli akakaa kama mtoto mwenyewe. Nikasema niondoke navyo leo.

Nchimbi akasema, "Haviondoki."

Alivichukua akavitumbukiza kwenye beseni la maji ya chumvi. Vitu vizuri vile. Akasema mtoto anakojoa, mkojo una chumvi. Wiki tatu. Akivitoa anakaa navyo anakunja na kukunjua, anakunja na kukunjua, anahesabu, akichoka anaweka kijiti mahali pa hesabu anaendelea kesho. Kila Alhamisi mimi nafika kliniki, plasta ya Lusajo imeisha muda, viatu havijatoka, daktari anaongeza plasta nyingine, ngozi ya mtoto imeanza kuchubuka. Nilikwenda nikamlilia, hakutikisika. Mama mkwe akaenda mwenyewe, akamwuliza kama ana mjukuu hata mmoja.

"Ninao wanne," akasema. "Ndiyo maana."

Nilimchukia yule mzee, Mungu anisamehe. Nilimchukia mpaka siku aliponiita akaweka kitu kidogo mezani, kama punje ya maharage. Ilikuwa pini ya kile kiungo. Ilikuwa imeliwa na chumvi, ikachomoka yenyewe baada ya kukunjwa mara elfu tisa na ushei, ambazo alisema ni kama miezi mitano ya mgongo wangu.

"Mtoto ana miezi mingapi?"

Nikamwambia sita.

"Anakula miguu yake?"

Nani asiyejua mtoto wa miezi sita anavyovuta mguu mdomoni na kuutafuna akicheka? Niliiangalia ile punje, nikaona koo la Lusajo. Pale nilipokuwa napiga kelele nipewe, nilikuwa napigia kelele hicho.

Gwakisa alikasirika, siku mbili hawakusemeshana, Subilaga akawa anapeleka maneno huku na huku kama mshenga. Halafu fundi akarudi kazini, akaunda kiungo kisicho na pini kabisa, amekishonea ndani ya ngozi pande zote, na Nchimbi akakikunja tena na kukichovya tena mpaka kikamshinda. Alhamisi iliyofuata Lusajo akavaa. Nikambeba mgongoni akiwa amevaa, nikapanda hadi shambani, nikashuka, hakuvuliwa. Nesi aliponiuliza anavaa, nikasema anavaa, na kwa mara ya kwanza maneno yale hayakuniunguza.

Miezi minane imepita. Alhamisi iliyopita daktari amesema imefaulu, sasa avae akilala tu, mpaka afike miaka minne. Mama mkwe alipiga magoti hapa koridoni akasema ndaga fijo, ndaga fijo, asante kwa lugha yetu, mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna msiba gani. Na jioni ile Subilaga akaniletea msumari umefungwa kwenye karatasi.

Haya. Mnaniona nina furaha, na ninayo, nawaombea wale watu kila nikichungulia kidirisha cha kisigino. Lakini naogopa kuliko nilivyoogopa siku ya kwanza. Kliniki imeagiza vingine thelathini. Ni vya hawa watoto wenu, wewe mwenye wa plasta ya nne, na wewe dada wa Mbalizi. Vyote vitatoka na jina nitakalolikwaruza mimi leo. Kikilegea, ni huyo mtakayempigia. Kikibana, ni huyo. Nikikosea jina, nawakosea ninyi.

Nilikwenda kuangalia rafu yao, pale wanapoweka nakala ya kila walichounda. Nimegeuza kimoja kimoja. Vitu kumi na saba: jiko la bomba, fimbo ya kuchumia parachichi, mtego wa panya wa ghala, vingine sivijui. Chini yake kumi na sita vimeandikwa Gwakisa, kimoja Nchimbi. Subilaga hakuna. Na ni haki, mtu akishika kitu anaiona mikono iliyokiunda, haoni mtu aliyekaa jikoni. Nilimwuliza kama inamwuma. Akasema, "Lingekuwa linaniuma ungeniona nimekonda," akacheka, maana si mwembamba. Lakini alipomaliza kucheka akafuta chini ya jiko na kiganja, mahali pasipo na vumbi.

Gwakisa yeye hafichi, analitaka. Ameshasugua chini ya ufito mahali pa jina mpaka panang'aa. Anasema kitu kikiharibika shambani, mama hahitaji mtu wa kumsikiliza wala wa kumpimia, anahitaji mtu mwenye nyundo. Na ni kweli.

Nchimbi alinitazama akasema, "Langu usiandike. Mimi nilikuliza." Nikamwambia wewe ndiye uliyenifanya nisilie kilio kikubwa. Akageuka akaendelea kukunja kitu kingine.

Sasa nipimieni. Bila Subilaga, mikono ile ingeunda kitu chepesi, kizuri, na sisi wote tungeendelea kukivua na kudanganya. Bila Gwakisa, tungebaki na sentensi nzuri kwenye daftari, na sentensi haivaliki. Bila Nchimbi, Lusajo angevaa, angebebeka, miguu ingenyooka, na siku moja angetafuna mguu wake akicheka. Kila nikishika jina moja, mengine mawili yananivuta kanga.

Na wewe uliyenong'ona kwamba niandike langu kwa sababu ndimi niliyesema ukweli, asante mwaya, lakini kikivunjika nijipigie simu mwenyewe? Na wewe unayesema niandike yote matatu, hukumsikia mama wa Uyole.

Nimewaza hivi. Kikivunjika chuma, Gwakisa atakitengeneza kabla chai haijapoa. Ikivunjika siri, yaani mmoja wenu akianza tena kuvua na kudanganya, hakuna atakayejua isipokuwa Subilaga. Na kikianza kuvunjika polepole kwa ndani, mahali mama haoni na mtoto hasemi, ni Nchimbi peke yake atakayekuwa anakiwaza. Kipi kitavunjika kwanza kwa mtoto wako? Hilo mimi silijui, wewe unakaa naye.

Huyo ananiita. Naja nesi, naja.

Mwangalieni lakini, mwangalieni kwanza anavyosimama na kushika benchi. Visigino vyote viwili viko sakafuni, na hakuna aliyemshika. Watu watatu wako chini ya nyayo zile, na mahali palipong'arishwa panatosha jina moja.

Msumari ni huu. Nitakapotoka mlango ule nataka kila mmoja awe na lake mdomoni, na sababu yake. Je, ungekuwa wewe, na mtoto ni wako, ungekwaruza jina la nani?